Kizingiti cha Juu

Mgongoni nabeba ubao wenye namba,
nimeufunga kwa mtandio kama mtoto asiyelia.
Asubuhi milima ya Cuchumatanes hujaa ukungu;
mbwa hunisikia kabla hawajaniona,
na kina mama hujua: Ewul mpima watoto amefika.

Leo ni kwa Matal.
Mwanawe Palas ana miezi kumi na minne.
Mlaze. Shika magoti. Kisigino kiguse mbao.
Analia, anarusha mateke, ana nguvu huyu,
mashavu yamejaa,
mpita njia angeapa hana tatizo.
Nasukuma kibao mpaka utosini:
sabini kasoro nusu.

Naisoma tena. Namba haibembelezwi.

"Sisi ndivyo tulivyo," asema Katal, mama mkwe,
akigeuza chapati za mahindi motoni. "Wafupi.
Tazama milango yetu.
Mungu alitukata kwa kipimo cha milango."

Nami niliamini hivyo miaka mingi.
Mita moja na sentimita arobaini na moja, ndiye mimi.
Nilidhani ni urithi, kama pua, kama lugha.
Mpaka dada yangu alipokwenda kaskazini na mimba,
akajifungulia huko, akala akashiba,
na mwanawe akaja kutusalimu ana miaka kumi na mitano,
akaingia kwa mama yetu bila kuinama —
ngo!
Kizingiti kikamwachia nundu.
Tulicheka mpaka tukashika mbavu.
Usiku sikulala.
Damu ileile. Babu yuleyule.
Ni nani basi aliyetukata?

Hayo sikumwambia Katal.
Nilimuuliza tu habari za kuku.
Wako watano. Na mayai?
Mayai huenda sokoni Alhamisi,
hurudi soda, hurudi tambi za pakiti,
na sukari ya kahawa anayonyweshwa Palas
ili tumbo linyamaze.
Matal anatazama vidole vya miguu yake.
Yeye hunywa mchuzi wa maharage;
punje ni za wanaoshika jembe,
kana kwamba kunyonyesha si kulima.

Nampima mkono kwa utepe.
Utepe unasimama kwenye njano.
"Ya miezi mingapi?" namnong'oneza.
Ananyoosha vidole vitatu.
Katal hakuwa na habari.
Chapati moja ikaungua.

Udongo wa Palas umeanza kushika,
lakini ukiubonyeza bado una unyevu.
Huu mwingine ndio kwanza unatiwa maji.

Nikatoa mfukoni unga wa lishe,
vidonge vya madini ya chuma,
vipakiti vya virutubisho vya kunyunyiza kwenye uji.
Kisha nikatoa maneno, ambayo kwenye mizani hayana uzito
na ndiyo yanayoniuma mgongo kwa kuyabeba:
yai moja kila siku, la Matal.
Jingine la Palas. Titi liendelee.
Kahawa basi.

Katal akaepua bamba la chapati.
Akaja. Akavua viatu.
"Nipime mimi."

"Mama, ubao huu ni wa watoto. Utakuishia begani."
Akausimamia hata hivyo, visigino vimegusa mbao,
wima kama msichana anayesubiri fundi amkatie gauni la sikukuu.
"Walinipunja ngapi?"

Sina chati ya swali hilo.
Nilipandisha kibao mpaka kikafika mwisho wa ubao,
na kutoka hapo hadi penye nywele zake nyeupe
niliweka kiganja changu, nikakiacha.

Uani kuku mmoja akaanza kutetea.
Katal akatoka mbio na miguu mitupu.
Mlangoni hakuinama. Hajawahi kuinama.
Akarudi nalo lina joto, lina unyoya,
akalipita kapu la Alhamisi
kama mtu asiyejuana nalo,
akaliweka kwenye sufuria.